Majibu ya Baba Tumeyashona Kitabu

Mshauri mpendwa,

Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeichana, kwa sababu kila nikikaribia kulitaja kosa langu najikuta naeleza habari za mvua, kwa hiyo safari hii nalisema mwanzoni kabla sijapata nafasi ya kukimbia: naomba msaada, baba yangu ana saratani ya pafu, madaktari wanasema inaweza kukatwa, na mimi ni mmoja wa watu wanaomchelewesha, na yeye hajui, na mama hajui, na ninaandika kwa sababu kusema siwezi, hata darasani nikiulizwa swali, jibu ninalolijua huliandika pembeni mwa daftari na kusubiri mwingine alitamke.

Nina miaka kumi na sita. Baba ni fundi wa kujalidi vitabu. Wateja wake ni maktaba, shule, mawakili, na watu wenye vitabu vya dini vilivyolegea kwa kusomwa sana. Watani wake humwita Gundi, kwanza kwa sababu ya vidole vyake, na pili kwa sababu wanasema akija kwako kuzungumza hang'oki. Karakana yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yetu, chenye mlango wa kutokea uchochoroni, meza moja ndefu, mashine ya kubania yenye skrubu kubwa kama usukani wa gari, na harufu ya gundi ya unga ambayo mimi nikiisikia mahali pengine popote hugeuka kutazama kama baba yupo.

Nilijifunza kusoma kwenye chumba hicho, kabla ya shule. Vitabu vilikuwa vinaletwa vimesambaratika, kurasa hazina namba au namba zimeliwa na mchwa, na baba alikuwa ananikalisha juu ya rundo la makaratasi magumu na kunipa kazi.

"Ukurasa huo unaishaje, Karani?" Ndivyo anavyoniita mpaka leo, Karani.

"Unaisha, 'akafungua mlango akamkuta.'"

"Akamkuta nani?"

"Sijui, umeishia hapo."

"Basi mtafute. Yumo humu mezani."

Na mimi nilikuwa natafuta kati ya karatasi mia mbili mpaka nimpate aliyekuwa nyuma ya mlango, na nikimpata baba alikuwa anaweka sindano chini, anasikiliza nikisoma mpaka mwisho wa ukurasa, anasema, "Kumbe huyu bwana, nilimshuku tangu mwanzo," hata kama mtu huyo alikuwa ni bibi kizee. Tulifanya hivyo kila alasiri nikitoka shule ya msingi, mwaka hadi mwaka, na sikujua kuwa ni furaha, nilidhani ndivyo watu wote wanavyoishi.

Halafu nikaenda sekondari, nikawa narudi na mzigo wa masomo, nikawa mrefu na mwenye aibu, aibu mpaka kwa baba yangu mwenyewe, nisijue nimweleze nini, na kazi nazo zikapungua, na kwa miaka mitatu mazungumzo yetu yakabaki "shikamoo baba", "marahaba, umekula?" Hatukugombana. Ningependa kungekuwa na ugomvi ili niseme ulianza siku fulani. Ilikuwa tu kama kitabu kilichoazimwa na mtu mzuri ambaye hakukirudisha.

Kikohozi kilianza mwaka jana. Watu wote huuliza kama baba anavuta sigara, hajawahi. Alikunywa dawa za kifua kama dukani walivyomuuzia, baadaye akatema damu kidogo kwenye leso akaificha, mama akaiona kwenye nguo za kufua, maana mama anafua mashuka ya hoteli kwa zamu na hakuna doa linalompita. Tukaenda hospitali. Picha ya kawaida, picha ile kubwa ya kuingia ndani ya mashine, kinyama kidogo kikakatwa kwenda kupimwa. Mama alikuwa zamuni siku ya majibu, hivyo niliingia mimi na baba. Hiyo ni wiki tisa zilizopita.

Daktari wa kifua ni mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alizungumza taratibu akimtazama baba, si mimi. Alisema ni saratani, ila imeonekana mapema, imekaa mahali pamoja juu ya pafu la kulia, na mahali hapo panakatika. "Wengi wanaokaa kwenye kiti hicho huja imeshatembea," alisema. "Wewe una bahati mzee, lakini bahati hii haina subira." Akampa fomu tatu: kupima nguvu ya pumzi, kupima moyo, na damu. Akasema vipimo hivyo vinaweza kufanyika wiki moja vyote, na kila jibu likitoka tulipeleke siku hiyohiyo kwenye dirisha la orofa ya tatu, tusisubiri kukusanya, kwa sababu kila Alhamisi madaktari wote wa kifua wanakaa jopo na kupanga nani anafanyiwa upasuaji lini.

Koridoni baba akaniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika."

Na kweli niliandika, Mshauri. Daftari ninalo hapa. "Kila jibu likitoka, siku hiyohiyo. TUSISUBIRI KUKUSANYA," kwa herufi kubwa na mstari chini yake.

Alasiri ile tulikaa karakanani na karatasi zote juu ya meza, barua za rufaa, maelezo ya picha, risiti, jibu la kinyama, kila moja na ukubwa wake, nyingine zinateleza chini. Baba alizitazama kwa muda, akasema, "Karatasi za mtu zikizagaa hivi, na mwenyewe huzagaa. Lete sindano."

Nikaleta sindano, na uzi, na nta ya kupaka uzi. Nikapunguza gundi kwa maji ya moto kama zamani. Akaniuliza, "Hii inaishaje, Karani?" nikasoma, "Inaisha, 'mgonjwa ashauriwe kumwona.'" Akasema, "Kumwona nani?" na tukacheka wote wawili mpaka akakohoa, na mimi nikajua kuwa kwa miaka mitatu nilikuwa nimekosa kitu na sikuwa nimekipa jina.

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Baba ana kanuni moja ya kazi, nayo ni kwamba kazi nusu haionyeshwi mwenyewe. Mteja akichungulia mlangoni kazi haijaisha, baba huifunika kwa kitambaa na kumwambia arudi. Ana kanuni ya pili, kwamba hatua moja ikauke kabla hujagusa nyingine, maana ukibandika juu ya kibichi yote hukunjamana. Akasema tutayashona majibu yote yawe kitabu kimoja chenye jalada, tumpelekee daktari kikiwa kamili. "Daktari naye ni mtu. Akipewa kitu kimepangika atakisoma kwa heshima." Daftari lilikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Nililigusa. Sikulitoa.

Tukapima pumzi wiki ya pili. Maabara wanampa mgonjwa jibu mkononi kwenye bahasha alipeleke mwenyewe orofa ya tatu. Lifti ilikuwa imeharibika. Baba akatazama ngazi, akasema, "Si tutakuja nayo yote pamoja?" Ni ngazi arobaini na mbili; nilizihesabu siku ile ya kwanza, tulipopanda kuonyeshwa dirisha. Baba alikuwa anahema, ni kweli, lakini mimi sihemi. Ningeweza kuzipanda na kushuka kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Nikasema, "Sawa baba," tukarudi nyumbani kushona.

Jibu la moyo tulilifuata wiki ya tano, la kwanza lilipokuwa limekauka kwenye kibanio. La damu wiki ya saba. Na katikati ya hapo, Mshauri, nilikuwa na raha, hilo ndilo ninaloona haya kuliko yote. Nilikuwa natoka shuleni mbio. Baba alikuwa ananisimulia mambo ambayo sikuwa na umri wa kuyakumbuka, jinsi nilivyokula gundi nikiwa na miaka miwili, bakuli zima, na mama akamkimbiza yeye na mwiko hadi uchochoroni badala ya kunishughulikia mimi. "Nilikimbia nikiwaza, huyu mtoto angalau hatafunguka kurasa." Ameacha vipande vyembamba vya karatasi kwenye mgongo wa kitabu ili majibu mapya yabandikwe, na kila kimoja amekiandika kwa penseli: pumzi, moyo, damu. Cha mwisho amekiandika "ruhusa ya kurudi nyumbani." Nilikiona, sikumwambia nimekiona.

Mama anaamini hospitali ndiyo inayochelewa. Kila akirudi kazini huuliza, "Bado hawajaita?" baba hujibu, "Bado," na mama huanza. "Hospitali gani hizi, mtu anangoja mpaka anaota mizizi. Nitakwenda mimi mwenyewe na mashuka yangu nikawafunge mmoja mmoja." Mimi huinama kwenye sahani. Majirani wote wanajua kuwa hospitali ile ni mbovu, wameambiwa na mama.

Alhamisi iliyopita, saa kumi, baba alikuwa nje ananawa gundi, simu yake ikalia mezani nikaipokea. Alikuwa ni muuguzi wa dirisha la orofa ya tatu.

"Wewe nani?"

"Mimi mtoto wake. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto yupi, yule wa daftari?"

"Ndiyo, sista."

"Haya wewe wa daftari, majibu ya baba yako yako wapi? Maabara wanasema mlishachukua yote. Tumetoka kukaa sasa hivi. Hii ni Alhamisi ya tatu tunasoma jina lake, tunakuta jalada tupu, tunamruka. Aliyekuwa nyuma yake kwenye orodha ameshakatwa, ameshapona, anatembea koridoni anatusumbua na chai haina sukari."

Niligeukia mlangoni kutazama kama baba anasikia.

"Unanisikia, mwanangu? Ile picha kubwa nayo inazeeka. Ikizeeka sana daktari hataiamini, mtaanza upya. Mwambie baba aje."

"Nitamwambia, sista."

Baba akaingia anafuta mikono. "Nani huyo?"

Nikasema, "Watu wa kampuni ya simu, wanatangaza vifurushi."

Akasema, "Hao hawachoki," akakaa, akavuta kitambaa cha jalada, cha buluu, alichokuwa amekitunza miaka mingi kwa ajili ya kazi ya maana, akaanza kukipima.

Leo ni Jumapili. Jalada bado linakauka. Alhamisi ijayo itakuwa ya nne. Nimejiuliza kwa nini nilisema uongo ule na majibu ni mengi na yote ni mabaya: kwa sababu nikisema itajulikana kuwa nilijua tangu mwanzo, kwa sababu majibu yameshonwa na kubandikwa, hayatoki bila kukatwa, na ninaogopa kukata kitu ambacho huenda kikawa cha mwisho mikono yake kutengeneza, na kwa sababu upasuaji ni upasuaji, na siku zote kabla yake baba yupo hai, ananiuliza ukurasa unaishaje.

Nimewaza kuyachomoa majibu kwa siri asubuhi akiwa amelala, niyapeleke mwenyewe, nimwambie baba panya wameingia. Nimewaza kumwambia mama, lakini mama atamlaumu baba mbele ya watu na baba hatanisamehe. Nimewaza kusubiri jalada likauke, siku chache tu, halafu twende. Nisaidie kuchagua. Namba yangu ya simu iko chini kama utaratibu wenu unavyotaka. Najua barua ni nyingi. Sina haraka, nitasubiri zamu yangu.

Ni mimi,
Karani

*

Mwanangu Karani,

Umemaliza kwa kusema huna haraka. Nimevua miwani, nimeivaa tena, neno bado lipo pale.

Barua yako uliitumbukiza kwenye sanduku letu leo Jumatatu asubuhi. Foleni ya barua hapa ni ya wiki tatu. Nimeichomoa, na jibu hili unalisoma kwenye simu yako leo hii saa tisa alasiri. Wasomaji wengine watalisoma Jumamosi, na ninategemea kufikia Jumamosi liwe limepitwa na wakati.

Kwanza nikupe haki yako. Kupenda kukaa na baba yako si dhambi, na wala hukumpa wewe ugonjwa. Una miaka kumi na sita na umebebeshwa jalada la mgonjwa wa saratani kama mkoba wa shule. Nitawasema wakubwa baadaye kidogo. Lakini wewe nawe unajua kusoma kuliko watu wengi wanaoniandikia, na ulisoma mstari uliouandika mwenyewe kwa herufi kubwa, ukaukalia. Halafu ukadanganya. Panya nao unawaandaa waje kusaidia. Acha panya.

Unaniambia siku zote kabla ya upasuaji baba yupo hai. Hapo ndipo hesabu yako ilipopinda. Saa kumi kila alasiri hamkai wawili mezani, mnakaa watatu, na huyo wa tatu anakua. Gundi ikikauka hukaa ilivyo. Uvimbe hauna adabu hiyo. Daktari alisema mahali ulipo panakatika. Hakusema patakatika milele. Sikuahidi kwamba upasuaji hauna hatari, mimi si daktari wala sipigi ramli, na hatari zake mwenye kalamu tatu atawaeleza mkimuuliza. Ninachojua ni kuwa wiki mnazosubiri hazimwongezei baba siku. Zinampunguzia nafasi.

Sasa fundi. Najua atasoma, na asome. Mzee wangu, mtu mzima hashindwi na ngazi arobaini na mbili kwa wiki tisa bila sababu anayoijua mwenyewe. Kazi nusu hukuificha kwa sababu ya heshima ya ufundi. Unaogopa kusikia watakachosema wakiiona. Kuogopa hakuna aibu, kila anayelazwa orofa ile anaogopa, pamoja na yule wa chai. Lakini unashikilia ile ya haraka haraka haina baraka, na methali hiyo ina ndugu yake wa tumbo moja, ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenu matumbo yanayoumia ni matatu.

Na nyinyi wa hospitali, maana mnasoma gazeti hili kwenye vyumba vya chai. Mgonjwa si tarishi. Mtu ambaye pumzi yake ndiyo inayopimwa, mnampa bahasha apande nayo ngazi arobaini na mbili, lifti imekufa, na maabara haibakizi hata nakala? Fomu tatu mnampa bila tarehe hata moja, kisha mnashangaa anazifanya kwa miezi? Mpeni tarehe zote tatu siku ileile anayoambiwa ugonjwa, kwenye karatasi moja. Awepo mtu mmoja mwenye jina na simu wa kumfuata kila mgonjwa wa kifua kutoka kiti cha majibu hadi kitanda cha upasuaji. Muuguzi yule alipiga simu, Mungu ambariki, lakini alipiga Alhamisi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa na simu pia.

Nirudi kwako. Usiyachomoe majibu kwa siri. Kitabu ni chake na pafu ni lake. Na usichague kati ya mama na baba, kwa sababu ukimwambia mmoja utamgeuza mwingine kuwa wa mwisho kujua. Waambie wote wawili, chumba kimoja, leo. Najua kusema huwezi, basi nakuandikia maneno, uyasome kama ulivyokuwa unasoma ukiwa juu ya rundo la makaratasi: "Alhamisi nilipigiwa simu na hospitali nikadanganya. Jopo limemruka baba mara tatu kwa sababu majibu tunayo sisi. Nilijua tuyapeleke na nikanyamaza. Baba, nilikuwa nafurahia kukaa na wewe." Halafu nyamaza. Mama atapiga kelele. Mwache, amewalaumu watu wasiohusika kwa wiki tisa na ana deni la kelele za kuzielekeza upya. Zikipungua, mpe baba kisu chake mkononi. Akate yeye. Akisema jalada bado bichi, mwambie mama ajibu.

Kabla bahasha haijatoka nyumbani, piga picha kila ukurasa kwa simu. Nimemuuliza mtu aliyefanya kazi miaka mingi wodi za upasuaji wa kifua, na haya ndiyo aliyoniambia. Kesho asubuhi mmoja wenu awe dirishani linapofunguliwa, na ngazi unapanda wewe, baba akingoja chini; darasani watakuvumilia nusu siku. Usisukume bahasha na kuondoka. Simama hapo mpaka muuguzi aandike kuwa ameipokea na jina la baba limeingia kwenye jopo la Alhamisi hii. Muulize kama ile picha kubwa bado inakubalika, na kama haikubaliki, irudiwe siku gani, maana hiyo haiwezi kungoja mpaka jopo ligundue. Muulize kama kuna kipimo kingine kimebaki na kama kinaweza kufanyika kesho hiyohiyo mkiwa mpo. Uliza baba afanye nini nyumbani akisubiri, watamwambia atembee kiasi gani, ale nini, apumue vipi, kwa sababu pafu linaloandaliwa hupona upesi kuliko lililokalishwa. Na uchukue jina na simu ya mtu wa kumpigia Ijumaa asubuhi. Ijumaa mpigie, hata kama hujaambiwa umpigie. Haya yote yaingie kwenye daftari, ila kuanzia kesho daftari lisomwe mezani kwa sauti, mbele ya mama. Na mama ndiye awe wa kufuatilia, si wewe. Mtu asiyepitwa na doa hatapitwa na tarehe.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Unadhani saratani ndiyo iliyokurudishia alasiri zako, na ikikatwa zitakatwa nayo. Sivyo. Zilirudi kwa sababu mtu mmoja alisema "lete sindano" na mwingine akaleta. Mngeweza kusema mwaka jana, au juzi, bila mtu kutema damu. Wewe ulikuwa na aibu, na yeye alidhani umekua. Baba akitoka wodini atakaa miezi asiinue kitu kizito, asizungushe ile skrubu, atakuwa mbovu wa hasira na atahitaji mtu wa kukaa naye. Mwombe kazi hiyo sasa, kwa mdomo wako, kabla hajalazwa, ili aingie kule akijua ana miadi.

Mama yako anatoka zamu saa ngapi? Usisubiri afike nyumbani na uchovu wake, aanze kuuliza kama wameita. Funga simu hii, nenda kamngoje kwenye geti la hoteli anakofulia, mrudi pamoja, na njiani umshike mkono umwambie tu kwamba mna jambo la kuzungumza na baba. Atauliza ni jambo gani. Mwambie hospitali imeita.